Mashine za saa za mkononi: jina la kiwanda linasema nini, na linaficha nini

Fungua vifuniko vya nyuma vya saa nne za otomatiki (zinazojaza springi zenyewe kwa mtikisiko wa mkono), yaani Tissot, Hamilton, Mido na Certina, na mara nyingi utakuta ndani ya zote kuna mashine ile ile au ndugu yake wa karibu. Ni Powermatic 80, inayotengenezwa na ETA, kampuni ya Uswisi iliyo chini ya Swatch Group. Kilichobadilika ni maandishi kwenye rota (kipande kizito kinachozunguka na kujaza springi), jina la kaliba, yaani toleo la mashine, na pengine aina ya springi. Ukihamia kwa chapa ndogo zinazouza saa za kuzamia mtandaoni, majina ni mengi mno, lakini kifuniko baada ya kifuniko utaiona NH35 ya Seiko.

Hakuna ulaghai hapo. Biashara ya saa imejengwa hivi tangu zamani: wachache wanatengeneza mashine, wengi wananunua, wanazivisha kasha, uso na mishale, kisha wanaweka jina lao. Mwaka 1926 watengenezaji wakubwa wa mashine nchini Uswisi, wakiwemo A. Schild na kiwanda cha Fontainemelon, waliungana chini ya Ebauches SA ili wauze kwa pamoja badala ya kuuana kwa bei. ETA, iliyokuwa sehemu ya Eterna mjini Grenchen, ilitenganishwa na mama yake mwaka 1932 na kuingia katika muungano huo. Kwa hiyo hata saa ya babu yenye jina ambalo halipo tena inawezekana kabisa ilikuwa na mashine ya kununua.

Mnunuzi wa leo anapouliza "ndani kuna mashine ya nani?" anauliza swali zuri. Tatizo ni jibu analopewa. Huambiwa kwamba Uswisi iko juu, Japani katikati, China chini, na ndani ya Uswisi ETA inaipita Sellita, mshindani wake. Ngazi hiyo ina ukweli kiasi, lakini inatumiwa vibaya, kwa sababu inapanga viwanda ilhali mtu hanunui kiwanda. Ananunua mashine moja, ya daraja fulani, iliyosetiwa na mkono fulani, ambayo siku moja itahitaji vipuri. Mambo hayo matatu yana uzito kuliko jina, na ndiyo ambayo matangazo hayayataji.

Nini hasa kinapimwa

Saa isiyo na betri inaendeshwa na springi kuu inayojifungua taratibu na kusukuma magurudumu. Mwisho wa msururu huo kuna gurudumu la mizani, linalocheza kushoto na kulia likirudishwa na springi nyembamba mno iliyoviringika katikati yake. Mchezo huo ndio unaogawa muda. Mashine ya mipigo 28,800 kwa saa inapiga mara 8 kila sekunde. Ya 21,600 inapiga mara 6. Mipigo ya kasi hustahimili vizuri zaidi misukosuko ya mkono, na mshale wa sekunde huonekana kama unateleza. Gharama yake ni kwamba inakula nguvu zaidi. ETA ilipotaka Powermatic 80 ikae saa 80 bila kuvaliwa, njia mojawapo iliyotumia ilikuwa kushusha mipigo ya mashine mama, 2824, kutoka 28,800 hadi 21,600. Kwa hiyo mtu anayesema kaliba ya 28,800 ni bora kwa sababu tu namba ni kubwa anasoma nusu ya hesabu.

Vito navyo vinawapoteza watu. Vito hivyo ni rubi za kutengenezwa kiwandani, zinazowekwa pale mhimili unapozungukia ili chuma kisisuguane na chuma. Mashine ya otomatiki ya kawaida inajitosheleza na vito kati ya 21 na 26. Sellita SW200-1 ina 26, ETA 2824-2 ina 25, NH35 ina 24, Miyota 8215 ina 21. Huwezi kupanga ubora kwa namba hizo, na hakuna fundi anayejaribu kufanya hivyo.

Kinachopimwa kweli ni uthabiti. Siku ina sekunde 86,400, na saa inayopotea sekunde 10 imekosea sehemu moja kati ya 8,640. Kwa kifaa cha magurudumu na mafuta, hilo ni jambo la kustaajabisha hata katika mashine ya bei ya chini. Lakini saa inayowahi sekunde 10 kila siku bila kubadilika ni nzuri kuliko ile inayowahi 15 ikiwa imelala na kuchelewa 12 ikiwa imesimama wima, hata kama wastani wa hiyo ya pili unapendeza kwenye karatasi. Ya kwanza fundi ataiseti kwa dakika chache. Ya pili ina kasoro katika mizani au springi yake, na kugusa kidude cha kuongeza na kupunguza mwendo hakutaitibu.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, simama karibu na fundi anapoiweka saa kwenye kipimo cha mwendo. Kifaa hicho kina kipaza sauti kinachosikiliza mipigo, na skrini inayochora mistari miwili ya nukta. Fundi anailaza saa uso ukiwa juu, halafu uso chini, halafu anaisimamisha kitufe cha pembeni kikiangalia chini, kisha kikiangalia kushoto, na kila mara anasubiri namba zitulie. Anasoma tatu: mwendo kwa siku, tofauti kati ya "tik" na "tak", na upana wa mchezo wa gurudumu la mizani kwa digrii. Mashine yenye afya, ikiwa imejazwa kabisa na imelazwa, hucheza kwa digrii kama 270 hadi 310. Ikishuka karibu na 200, mafuta yamekauka au kuna uchafu, na sekunde zinazosomeka pale hazina maana hata zikiwa nzuri. Kipimo hicho kinahitaji pia kuambiwa ni kaliba gani inapimwa, kwa kuwa pembe inayotumika kukokotoa upana hutofautiana: digrii 50 kwa ETA 2824-2, digrii 53 kwa NH35. Picha nyingi za "angalia NH35 yangu inavyocheza vibaya" zinatokana na kifaa kilichoachwa kwenye pembe isiyo yake.

Daraja, jambo ambalo halitajwi

ETA 2824-2 ni mashine ya kipenyo cha milimita 25.6 na unene wa 4.6. Ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa saa za Uswisi za bei ya kati kwa miongo kadhaa. Lakini "2824-2" si kitu kimoja. Iliuzwa kwa madaraja manne. Daraja la kawaida lilisetiwa katika mikao miwili tu, kwa wastani wa sekunde 12 kwa siku, kuwahi au kuchelewa. La pili lilisetiwa katika mikao mitatu, wastani wa sekunde 7. La juu, ambalo ETA inaliita Top, lilisetiwa katika mikao mitano, wastani wa sekunde 4. La nne lilipelekwa COSC, taasisi ya Uswisi inayotoa vyeti vya kronometa, yaani saa iliyothibitishwa kwa usahihi wake.

Tofauti haiishii kwenye kuseti. Madaraja mawili ya chini yana gurudumu la mizani la aina rahisi na springi ya Nivarox ya daraja la chini. Top na kronometa zina gurudumu la Glucydur, aloi ya shaba na berili isiyobadilika sana kwa joto, springi ya Anachron, na kinga ya mshtuko ya Incabloc. Hizo ndizo sehemu hasa zinazogawa muda! Saa mbili zenye kaliba moja zinaweza kuwa na magurudumu yale yale yanayosukuma mishale, lakini zikatofautiana katika kiungo kinachoamua kama mishale hiyo inasema kweli.

Sellita nayo inafuata mpangilio wa namna hiyo hiyo, kutoka daraja la kawaida hadi kronometa. Ndiyo maana nachoshwa na mabishano ya "ETA au Sellita?" yasiyotaja daraja. Sellita ya daraja la juu iliyosetiwa kwa uangalifu itaipita ETA ya kawaida bila shida, na kinyume chake ni kweli vilevile. Ukisoma maelezo ya saa ya Uswisi yaliyojaa habari za kioo cha safiri, mkanda na kina cha maji, na daraja la mashine halimo, wewe chukulia ni la kawaida mpaka uambiwe vinginevyo. Muuzaji aliyelipia daraja la juu halisahau kulisema.

Cheti cha COSC kinastahili maneno machache, kwa sababu ni miongoni mwa vipimo vichache vinavyofanywa na mtu asiye muuzaji. Mashine inapimwa kwa siku 15, katika mikao 5 na joto la aina 3: digrii 8, 23 na 38. Kwa mashine za ukubwa wa kawaida, wastani wa mwendo wake unatakiwa uwe kati ya kuchelewa sekunde 4 na kuwahi sekunde 6 kwa siku. Kwa kawaida inapimwa ikiwa nje ya kasha lake. Baada ya hapo inavishwa, inasafirishwa na kutikiswa, kwa hiyo cheti kinathibitisha mashine ilivyokuwa maabara. Bado ni ushahidi bora kuliko nchi iliyoandikwa kwenye uso.

ETA ilivyobana, Sellita ilivyokua

Sifa ya ETA haiwezi kueleweka bila siasa ya biashara. Saa za betri zilipoiangusha Uswisi katika miaka ya 1970, makundi mawili makubwa yaliyokuwa taabani, ASUAG na SSIH, yaliunganishwa mwaka 1983, na chini ya Nicolas Hayek ndipo ilipotoka kampuni inayoitwa Swatch Group tangu 1998. Kundi hilo lilijikuta na ETA, karibu chanzo kikuu cha mashine, na Nivarox-FAR, chanzo kikuu cha springi nyembamba za mizani. Washindani wake walikuwa wananunua moyo wa bidhaa zao kutoka kwake.

Mwaka 2002 Swatch Group ilitangaza kwamba itaacha kuuza mashine zisizokusanywa kwa watu wa nje. Hoja yake ilieleweka: sisi tunawekeza viwandani, ninyi mnawekeza kwenye matangazo. Tume ya Ushindani ya Uswisi iliingilia, na mvutano ukaendelea kwa karibu miongo miwili. Makubaliano ya 2013 yaliiruhusu ETA kupunguza mauzo hatua kwa hatua hadi mwisho wa 2019. Kisha, jambo la ajabu, Desemba 2019 tume hiyo hiyo iliizuia kwa muda kuwauzia wateja wengi, ikiona soko halijapata washindani wa kutosha, hadi uamuzi wa Julai 2020 ulipoiacha huru kumuuzia inayemtaka.

Mfaidika mkubwa alikuwa Sellita. Kampuni hii ilianzishwa La Chaux-de-Fonds mwaka 1950, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukusanya mashine kutoka kwenye vipande vya ETA. Iliijua 2824 kiungo kwa kiungo. ETA ilipoanza kubana na hataza za muundo huo zikiwa zimekwisha muda, Sellita ilitoa SW200, ambayo kwa vipimo na mpangilio ni 2824 yenye kito kimoja cha ziada. Baadaye SW300 ikachukua nafasi ya ETA 2892-A2, ile nyembamba ya milimita 3.6, na SW500 nafasi ya 7750, mashine maarufu ya kronografu, yaani saa yenye kipima muda cha kuanzisha na kusimamisha.

Hapa ndipo sifa na ubora vilipoachana. SW200 ya mwanzo ilikuwa na udhaifu katika meno ya gurudumu mojawapo la kujazia springi. Watu waliojaza saa zao kwa mkono mara kwa mara waliyavunja. Sellita ilibadilisha umbo la meno hayo katika SW200-1, na hiyo ndiyo inayouzwa kwa miaka mingi sasa. Lakini habari ya meno ikabaki hai, na hadi leo mtu atakuonya dhidi ya Sellita kwa kasoro ya toleo ambalo halitengenezwi tena. Sifa mbaya huchelewa kufutika kuliko kasoro yenyewe, na sifa nzuri nayo huchelewa kuisha: wapo wanaolipia zaidi saa kuukuu kwa sababu tu ina ETA, bila kuuliza ni ya daraja gani wala ilisafishwa lini.

Kwa maoni yangu, kati ya 2824-2 na SW200-1 za daraja moja hakuna tofauti ambayo mvaaji ataihisi. Sehemu nyingi zinaingiliana. Wapo na wengine wanaofuata vipimo hivyo hivyo, mfano STP ya kundi la Fossil, na Soprod, iliyo chini ya kundi la Festina, ambayo mwaka 2020 ilileta kaliba ya Newton yenye muundo wake yenyewe na akiba ya saa 44, yaani muda inaotembea bila kuvaliwa. Bado hazijaenea kiasi cha kujijengea sifa ya kuaminika, nzuri wala mbaya.

Powermatic 80 ni habari tofauti. Akiba ya saa 80 ni faida halisi kwa mtu anayevua saa Ijumaa na kuivaa Jumatatu. Lakini haina kidude cha kawaida cha kurekebisha mwendo. Husetiwa kiwandani kwa leza, na katika matoleo ya bei ya chini sehemu za kudhibiti mipigo ni za plastiki. Ikitoka kiwandani ikiwa sahihi, hubaki hivyo kwa muda mrefu, na nyingi hutoka sahihi. Ikikosea, fundi wa kawaida hana pa kushika, na mara nyingi jibu ni kubadilisha mashine nzima. Sistem51 ya Swatch, iliyotoka 2013 ikiwa na vipande 51 tu, ilikwenda mbali zaidi katika njia hiyo: imefungwa moja kwa moja na haikukusudiwa kutengenezwa kabisa.

Japani: kinachoandikwa na kinachotolewa

Seiko na Citizen ndio wauzaji wakubwa wa mashine za Japani. Seiko huuza NH35 na ndugu zake. Citizen huuza kupitia jina la Miyota.

Kwenye karatasi NH35 inaonekana dhaifu: mipigo 21,600, akiba ya saa 41, na mwendo unaokubalika kati ya kuchelewa sekunde 20 na kuwahi sekunde 40 kwa siku. Ukizilinganisha namba hizo na zile za ETA Top, utadhani ni kitu cha kuchezea. Lakini hicho ni kiwango cha chini ambacho Seiko iko tayari kukitetea, na kiwanda hakipotezi muda kuiseti kila mashine. Nyingi hufanya vizuri zaidi ya hapo, na ikisetiwa na mtu anayejua kazi hutulia vizuri. Tatizo ni bahati nasibu: mbili kutoka boksi moja zinaweza kutofautiana sana. Chapa ndogo makini huziseti tena kabla ya kuzivisha kasha, na hiyo ni kazi ya thamani kuliko nusu ya mapambo wanayoyatangaza.

Nguvu ya NH35 iko kwenye uimara, na chanzo chake kinaonekana wazi ukiiangalia chini ya rota. Mashine nyingi za Uswisi hutumia magurudumu maalumu ya kugeuza ili rota ikizunguka upande wowote springi ijazwe. Magurudumu hayo ni madogo, yanataka mafuta sahihi kwa kiasi sahihi, na ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuleta shida. Seiko hutumia kifaa ilichokianzisha mwaka 1959: mkono mmoja wenye makucha mawili marefu, uliofungwa kwenye pini iliyo pembeni ya kitovu. Rota ikizunguka, ukucha mmoja unavuta gurudumu na mwingine unalisukuma, upande wowote ule. Sehemu ni chache, hazihitaji uangalifu mkubwa, na mashine hizi huvaliwa miaka na miaka bila kufunguliwa. Si jambo la kulipongeza, kwa kuwa mafuta hukauka hata saa ikiwa inatembea, lakini linaeleza sifa yake ilikotoka.

Miyota 8215 ni ya kazi kama hiyo, ila ina tabia mbili zinazowaudhi watu. Rota yake hujaza upande mmoja tu, na ukitikisa mkono upande wa pili huzunguka bila mzigo, unaisikia. Na mshale wake wa sekunde, kwa jinsi unavyoendeshwa kutoka pembeni, wakati mwingine husita kidogo halafu unaruka. Vyote viwili haviathiri muda. Mrithi wake, 9015, ni mashine ya ngazi nyingine: mipigo 28,800, vito 24, akiba ya saa 42, unene wa milimita 3.9 tu, na mwendo unaokubalika kati ya kuchelewa 10 na kuwahi 30. Ni nyembamba kuliko 2824-2, na kwa mtu anayetaka saa isiyo nene ningeipendekeza bila kusita mbele ya Sellita ya daraja la kawaida. Bado inajaza upande mmoja, na bado utaisikia.

China si kitu kimoja

Kusema "mashine ya China" ni sawa na kutosema chochote. Kuna viwanda vinavyotoa nakala za 2824, na kuna Tianjin Sea-Gull, ambayo historia yake ya saa inaanzia 1955. Kaliba yake ya ST19 ndiyo inayonivutia zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 China ilinunua mitambo ya kutengenezea Venus 175, kronografu ya Uswisi, ili kuwapatia saa marubani wa jeshi la anga. Mitambo hiyo ilizaa ukoo ambao bado unaishi: kronografu ya kujazwa kwa mkono, inayodhibitiwa na gurudumu la nguzo. Gurudumu la nguzo ni sehemu ghali kutengeneza. Unapobonyeza kitufe, linazunguka hatua moja, na mikono ya chuma inaangukia kati ya nguzo zake au kupanda juu yake, nawe unahisi mbonyezo laini. Hata Valjoux 7750, iliyobuniwa na Edmond Capt mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliacha nguzo na kutumia kamu bapa ili bei ishuke, na mbonyezo wake ni mgumu zaidi.

Je, hiyo inamaanisha ST19 ni bora kuliko 7750? Hapana. Muundo wake ni wa kifahari, ukamilishaji wake unatofautiana kutoka mashine hadi mashine, na nyingine hufika zikiwa na mafuta mengi mno au zimesetiwa ovyo. 7750 ni nene, milimita 7.9, rota yake hujaza upande mmoja na unaihisi ikitikisa mkono, lakini ni mashine ngumu ambayo mafundi wengi wanaijua. Anayenunua ST19 ahesabu gharama ya kuisafisha na kuiseti kama sehemu ya bei. Akifanya hivyo, anapata kitu kizuri kweli kweli.

Nakala za 2824 kutoka China zinahitaji tahadhari ya aina nyingine. Zipo nzuri, lakini zipo pia zinazouzwa kwa jina la ETA. Hizo za pili ni udanganyifu, na fundi huzigundua akiona alama ya kiwanda chini ya gurudumu la mizani haipo au imechongwa vibaya.

"Ya kiwandani mwetu"

Siku hizi chapa nyingi hutangaza mashine ya kiwanda chao, na bei hupanda papo hapo. Ni vyema kukumbuka kwamba Daytona ya Rolex, kuanzia 1988 hadi 2000, ilitumia El Primero ya Zenith iliyofanyiwa marekebisho makubwa, mipigo ikashushwa kutoka 36,000 hadi 28,800. Patek Philippe nayo ilijenga kronografu yake ya kujazwa kwa mkono juu ya msingi wa Lemania. Hakuna anayezidharau saa hizo leo.

Na mara nyingi "kiwanda chetu" ni kiwanda cha ushirika. Kenissi, iliyoanzishwa 2016 na Tudor, na ambayo Chanel ina hisa zake, hutengeneza mashine za akiba ya saa 70 hivi kwa ajili ya Tudor yenyewe, Breitling, Norqain na wengine. Tudor nayo huchukua kronografu ya Breitling B01 kama msingi wa kronografu yake. La Joux-Perret, inayomilikiwa na Citizen ya Japani tangu 2012, ipo La Chaux-de-Fonds na huuza G100, yenye akiba ya saa 68 na inayoingia mahali pa 2824. Ukiiona saa ya chapa ndogo yenye G100, ujue mmiliki wake alilipa zaidi kidogo ili akupe kitu cha maana.

Maandishi ya "Swiss Made" hayakusaidii kutenganisha haya. Tangu Januari 2017 sheria inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa iwe ya Uswisi, mashine iwe ya Uswisi na ivishwe kasha huko. Asilimia inayobaki inaweza kutoka popote, na daraja la mashine halimo kabisa katika sheria hiyo.

Vipuri

Jambo la mwisho ndilo ambalo mimi huanza nalo nikiulizwa ushauri. Baada ya miaka mitano hadi kumi ya kuvaliwa, saa yoyote ya aina hii inatakiwa ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mafuta mapya. Siku hiyo mpangilio wa sifa hugeuka. NH35 ni rahisi kiasi kwamba mafundi wengi huitoa yote na kuweka mpya, kwa kuwa kazi ya kuisafisha ingegharimu zaidi. Miyota vivyo hivyo kwa kiasi. Sellita vipuri vyake vinapatikana, na kila fundi aliyesomea 2824 anaifahamu. ETA, yenye jina kubwa kuliko wote, imekuwa ngumu zaidi, kwa kuwa Swatch Group ilibana uuzaji wa vipuri kwa mafundi wasio na mkataba nayo. 2824-2 za zamani zinaendelea kutengenezeka kwa sababu ziko nyingi mno na sehemu za Sellita zinaziokoa. Powermatic 80 haina kimbilio kama hilo.

Kwa Kenissi swali hili bado liko wazi. Mashine zake zinapita COSC, gurudumu la mizani limeshikwa na kipande cha chuma kilichofungwa pande zote mbili, springi ya mizani ni ya silikoni, na sijaona sababu ya kutilia shaka uimara wake. Lakini sevisi yake hupitia kwa chapa iliyouza saa, na saa ya kwanza ya Tudor yenye mashine za ukoo huu ilitoka 2015. Anayeinunua leo aulize kabla hajalipa: sevisi inafanyika wapi, inachukua muda gani, na je, fundi wa nje anaweza kuuziwa hata springi kuu?